Fundi wa Vito na Sindano Yake

Kwa miaka mingi ya maisha yangu, na humo imo hata miaka niliyokwisha kupata cheti cha shule ya usiku, niliamini kabisa kwamba msichana wa nyumba ya pili alikuwa amemeza sindano. Si kuamini kwa kubahatisha. Niliamini kama ninavyoamini kwamba bahari ina chumvi. Sindano yenyewe, walisema, ilikuwa ya kushonea kofia, nyembamba kama sharubu ya paka, na haikutoka wala haikutulia mahali pamoja. Ilikuwa ikitembea ndani ya damu yake, leo iko begani, kesho gotini, na siku atakaposema kwa nguvu itashtuka iruke mpaka moyoni, na hapo mambo yake yatakuwa yamekwisha. Ndiyo maana hasemi. Ndiyo maana hakimbii, na akicheka hucheka kwa mabega.

Katika shule ya usiku mwalimu alitutundikia ukutani picha ya mwili wa binadamu, na mishipa yake myekundu na ya buluu. Wenzangu waliuliza habari za ini na tumbo. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza, sindano ikiingia katika mshipa mwekundu huchukua muda gani kufika moyoni. Mwalimu akanitazama, akasema tuendelee na figo. Nililichukua jibu lile kuwa ni siri ya serikali, nikarudi nyumbani nimezidi kuamini.

Mtaani aliitwa Fundi, na alikuwa bado hajafikia umri wa kuitwa hata dada. Kwetu Lamu kofia za mkono hushonwa na wanawake ndani ya majumba. Mwanamume huchora maua juu ya kitambaa cheupe kwa penseli, kisha kitambaa hupelekwa nyumbani, na mwanamke hutoboa vitundu vidogo kufuata mchoro, kila kitundu akakizungushia uzi mpaka kikakaza kama jicho la ndege. Vitundu hivyo ndivyo vito. Kofia moja njema huwa na vito vingi kuliko wakazi wa Lamu, Pate na Kiwayu wakiwekwa pamoja na mbuzi wao. Wanawake wengine walimaliza kofia moja wakati mtoto anazaliwa na kuota meno. Fundi alikuwa mwepesi zaidi, lakini si wepesi wake uliompa jina. Vito vyake vilikuwa sawa, vyote, kama vilivyoandikwa na kalamu moja kwa mkono mmoja katika pumzi moja.

Mimi nilifanya kazi katika duka la tajiri wa kofia, na kazi yangu ilikuwa kuchukua vitambaa vilivyochorwa kuvipeleka kwa mafundi na kurudi na vilivyokwisha. Kwa hiyo nilimjua Fundi muda mrefu kwa mkono. Nilibisha hodi, mlango ukafunguka kadiri ya upana wa kiganja, mkono ukatoka, ukapokea kitambaa, ukarudi. Ningeweza kuutambua mkono ule katika mikono ya Siku ya Kiyama. Kidole cha shahada kilikuwa na ngozi ngumu kama kwato, na kidole gumba kilikuwa na alama za kudungwa zilizojipanga, utadhani nacho kilikuwa kimeanzwa kushonwa vito kikaachwa.

Sauti sikuisikia. Nilisalimia, na mkono ukainuka kidogo kuitikia. Mama yangu, aliyekuwa akimwona kila siku, alisema hata ndani ya nyumba hali ilikuwa hiyo hiyo. Nyumba yetu na yao zilikuwa zimeunganishwa na wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro kama daraja, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Mama alikuwa akivuka wikio asubuhi na jioni kwenda kumjulia hali mama yake Fundi, mjane aliyekuwa mgonjwa wa kifua, na kila alipokwenda alimkuta Fundi dirishani, kitambaa gotini na sindano ya akiba imebanwa kati ya midomo. Ukimuuliza jambo alikuonyesha kwa kidole ile sindano, kama kusema, huoni nina kitu kinywani. Watu walicheka. Wakasema mwenye sindano tumboni aogope nini nyingine mdomoni.

Nilisoma naye chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulipokuwa wadogo, kabla hajafikia umri wa kutawishwa ndani. Nilipoingia mimi nilimkuta tayari na habari yake ya sindano, kama vile unavyomkuta mtu tayari na pua yake. Mwalimu alikuwa amemweka pembeni, karibu na mtungi wa maji. Sisi wengine tulisoma kwa kuvuta, herufi moja moja, kwa ile sauti ya chuoni inayopanda na kushuka, kelele zetu zikawafukuza kunguru mpaka Shela. Tulipoitwa kusoma peke yetu mbele ya mwalimu, Fundi hakuitwa. Mwalimu alimfuata pale mtungini, akainama, akamtazama midomo, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Hakuna mtoto aliyethubutu kumsogelea. Walituambia ukimshtua, ukamfanya aseme, damu yake itakuwa juu yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka mzigo huo kabla ya kutahiriwa.

Sasa hapa pana jambo ambalo mtu mwenye akili angelitafakari, nami sikulitafakari. Fundi alikuwa akisoma kasida. Nilimsikia kwa masikio yangu kupitia wikio, saa ambazo nyumba yao ilikuwa haina mgeni na mama yake amelala. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikageuka, ikashuka polepole kama mtu mwenye adabu anayeshuka ngazi za nyumba ya watu. Haikukwama hata mahali pamoja. Nilimuuliza mama yangu, inakuwaje mtu mwenye sindano aimbe vile. Mama akasema hajui. Basi mimi nikajipatia maelezo yangu mwenyewe, kwamba sindano hulala mtu akiimba, kama mtoto mchanga. Niliridhika nayo kabisa, nikawaeleza na wenzangu wa shule ya usiku, wawili wakayaandika.

Jambo la pili lilikuwa la kofia zenyewe. Ndani ya kila kofia aliyoshona, chini ya mshipi wa kichwa ambapo hakuna anayetazama, palikuwa na kito kimoja alichokizungushia uzi mwekundu. Kimoja tu. Tajiri wangu alipokigundua alikasirika, akanituma nikamwambie aache. Nikasimama mlangoni nikaujulisha ule mkono maneno ya tajiri. Mkono ukanionyesha kidole kimoja, ukakikunja taratibu kuelekea ndani, kifuani, kule nisikokuona. Nikarudi dukani nikamwambia tajiri kwamba fundi amesema hicho kimoja ni chake. Tajiri akaguna, akasema mnunuzi haoni huko, mwache. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Fundi akisema jambo, na hakusema.

Mtu asidhani alikuwa malaika. Alikuwa na ukali wake. Mama alisimulia kwamba aliwahi kumwona akifumua kofia nzima iliyokaribia kumalizika kwa sababu ya kito kimoja kilichopinda upande wa kisogo, na mama yake anamlilia aache, na yeye anafumua machozi yanamtoka, mdomo umebana sindano. Alikuwa mwoga wa punda kupita kiasi, na bado punda akilia chini ya dirisha lake alikuwa ndiye wa kwanza kutikisika mabega. Alimnyima paka wa mtaani chakula mchana, mbele ya watu, na jioni ungemkuta paka yule kwake amenona kama tajiri wa nazi. Alikuwa na haya, na ndani ya haya zile palikuwa na kitu kigumu. Sisi hatukukijua. Tulikiita sindano.

Kilichokuja kutujulisha ni posa.

Palikuwa na bwana mmoja wa Pate, mfanyabiashara wa kamba na kofia, aliyekuwa akishuka Mtangawanda, bandari ya kwao, na kupanda tena kila mara kwa shughuli zake, mtu mzima mwenye wake wawili na ndevu zilizopakwa hina. Alikuja dukani kwetu, akazipindua kofia za Fundi moja moja juu ya meza, akamuuliza tajiri ni za nani. Tajiri akamwambia. Na kwa kuwa tajiri alipenda kusimulia, akamwambia na habari ya ukimya wake. Yule bwana akacheka sana. Nilikuwepo, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Mke mwenye mikono hii na hana mdomo," alisema. "Bahati hiyo hupewa mtu mara moja."

Posa ikaenda kwa ami yake Fundi, ndugu wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa walii wake, msimamizi wa ndoa yake, na mwenye kauli juu ya nyumba ile. Ami akaona jambo jema. Mama yake Fundi naye, kifua kikimkereza, akaona mlango wa kumwacha mwanawe mikononi mwa mtu kabla hajafa. Fundi aliambiwa akiwa dirishani. Mama yangu alikuwepo. Anasema Fundi alitikisa kichwa. Akatikisa tena. Mama yake akamwambia, nikifa utabaki na nani, na yeye akatikisa kichwa tena, na mama yake akageukia ukutani akaanza kukohoa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lazima nieleze hapa, kwa asiyejua, mambo ya idhini. Sheria yetu yasema ami hana ruhusa ya kumwoza mwanamwali pasi na idhini yake. Mashahidi wawili hupelekwa nyumbani, husimama nje ya pazia, na kumuuliza. Na kwa kuwa mwanamwali ni mtu wa haya, sheria imemhurumia: akinyamaa, kunyamaa kwake ndiyo idhini. Wanawali wote wa mtaa wetu waliolewa kwa kunyamaa. Ndivyo ilivyokuwa adabu, na aliyesema "ndiyo" kwa sauti angesemwa mwaka mzima kwamba alikuwa na haraka. Lakini huruma ile iliwekwa kwa ajili ya msichana anayeweza kusema na akaona haya. Huyu wetu kila mtu alijua hatasema. Kichwa chake angekitikisa mpaka kidondoke, mashahidi wangekuwa nje ya pazia hawaoni. Jambo lilikuwa limekwisha kabla halijaanza, na ndiyo maana ami alikwisha kuagiza mchele.

Nikachaguliwa mimi kuwa shahidi wa pili. Nilikuwa nimeshatimiza umri, ni jirani, na nina cheti. Shahidi wa kwanza alikuwa mwadhini wa msikiti wetu, mzee mfupi mwenye kifua kikubwa, ambaye sauti yake ikitoka alfajiri iliamsha watu mpaka Mokowe ng'ambo ya maji, na waliokufa wakageuka upande. Siku ya nikahi, baada ya swala ya alasiri, tukapanda ngazi za nyumba ile sisi wawili, na ami nyuma yetu. Chini palikuwa na moshi wa ubani na harufu ya biriani. Wanaume walikuwa wanatungoja msikitini. Mbele yetu palikuwa na pazia la kitambaa cheupe. Upande wa pili alikuwepo Fundi, na mke wa ami amekaa naye, na katika chumba cha ndani mama yake kitandani, na mama yangu kando yake akimshikia bakuli.

Mzee Mwadhini akasoma alichosoma, akauliza kwa upole, umemridhia ami yako akuoze kwa bwana fulani kwa mahari fulani.

Kimya.

Mke wa ami akasema toka ndani, "Kanyamaa, Mzee. Karidhia. Shukani mkanywe kahawa."

Mara moja yatosha, lakini Mzee Mwadhini alikuwa na desturi yake ya kuuliza mara tatu. Wengine walimcheka kwa hilo, wakisema amezoea kukariri maneno ya adhana. Akauliza mara ya pili. Na mara hii ndipo niliposikia pumzi ikivutwa upande wa pili wa pazia, ndefu, kama ya mtu anayevuta ndoo kisimani, na baada ya pumzi ile ikaja sauti ya "s", ikaja "s" nyingine, na nyingine, kama mvuke unaotoka birikani na kifuniko hakiinuki. Ikakatika.

Mimi hapo jasho lilinitoka la kutosha kuogesha ngamia. Niliijua sindano iko wapi. Nilikuwa naiona katika ile picha ya ukutani, imekwisha kuondoka begani, inashuka mshipa mwekundu. Nilitaka kumwambia, nyamaza, tafadhali nyamaza, hakuna mume mbaya kiasi cha kufa.

"Hilo si neno," akasema ami. "Tushuke."

"Bado mara moja," akasema Mzee Mwadhini. Akauliza mara ya tatu, neno kwa neno, bila haraka.

Kisha pazia likatikisika chini, mkono ule ninaoujua ukatoka, ukaweka ile sindano yake ya akiba sakafuni mbele ya miguu yetu, ukarudi. Na sauti ikapanda. Haikuwa sauti ya kusema. Ilikuwa ile sauti ya chuoni, ya kuvuta herufi, ile tuliyofukuzia kunguru tulipokuwa wadogo, na yeye akiwa pembeni mtungini midomo inacheza peke yake. Sasa aliitoa. Akavuta kama anavyosoma mtoto mbele ya mwalimu, ikapanda, ikashuka, haikukwama:

"Sitaki. Sitaki mimi. Mwambieni ami yangu, sitaki."

Nikaegemea ukuta nikingoja kishindo cha mtu kuanguka. Hakikuja. Nilichosikia ni pumzi yake tu, inaingia na kutoka, na katika chumba cha ndani mama yake amekoma kukohoa.

Ami alikuwa wa kwanza kusema. Alisema hiyo ni nyimbo, na mtu hakubali wala hakatai kwa nyimbo, na mashahidi wamekuja kusikia maneno. Mke wa ami akaunga mkono toka ndani, kwamba mtoto amepandwa na wasiwasi, anajiimbia.

Mzee Mwadhini akamgeukia ami taratibu.

"Bwana," akasema, "mimi nawaita kwa sauti ya kuvuta mara tano kila siku, na mwaya kuswali. Hata siku moya hamjaniambia naimba."

Kisha akaniuliza mimi, umesikia. Nikasema nimesikia, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko ya Fundi. Akashuka ngazi. Halua iliyowekwa chini kwa ajili yetu hakuigusa. Akaenda mpaka msikitini akawaambia wanaume waliokuwa wamekaa na kanzu zao za kupiga pasi kwamba hakuna nikahi, binti hakuridhia. Biriani ikaliwa, kwa kuwa imekwisha kupikwa, na watu wale wale waliokuja harusini wakaila wameinamisha vichwa, kama chakula cha hitima. Bwana wa Pate alirudi kwao siku ya pili, hakununua kwetu tena hata uzi.

Laiti ningeweza kusema kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mema, na ninyi mnanijua, ningeyakuza mpaka yafike mwezini. Hayakuwa mema. Ami aliona kwamba ameaibishwa mbele ya mji. Vyumba vya juu akavichukua, akavipangisha kwa watu wengine, Fundi na mama yake wakashushwa chini katika kile chumba chenye unyevu karibu na kisima. Kisha akamleta mwashi na mawe na chokaa, akauziba mlango wa wikio. Mama yangu alisimama upande wetu akitazama mawe yakipanda mpaka mwanga ukaisha. Tangu alipoolewa alikuwa akivuka pale. Alikuwa na bakuli la uji mkononi, akageuka nalo.

Mama yake Fundi hakumaliza masika yale. Siku za mwisho alimnunia mwanawe, hakumwitikia, hakumtazama, na bado kila magharibi alimtaka amsomee kasida, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Alimwambia mama yangu kitu siku ile ya nikahi, akiwa pale kitandani, nacho mama alikikumbuka kwa sababu hakukielewa. Alisema, "Ni sauti yake. Nalikuwa nimeisahau." Alilia, mama hakujua analia kwa furaha au kwa nini.

Fundi hakuposwa tena. Watu walisema mengi. Wengine walisema sindano imeyeyuka siku ile kwa joto la ghadhabu, wengine kwamba imegeuka njia tu, iko inangoja. Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Mtu mwenye elimu haachi nadharia yake kwa sababu ya ushahidi mmoja.

Fundi akabaki peke yake katika chumba kile cha kisimani, anashona. Na wasichana wakaanza kumwendea. Mmoja kwanza, akija kujifunza vito, kisha wengine, mpaka baraza ya ndani ikajaa. Alikuwa sasa anasema, maneno machache, yakikwama, akiyavuta kidogo pale yalipokataa kutoka. Mimi hapa siyaandiki yalivyokwama, karatasi ingeniishia. Alikuwa na sharti moja lililomshangaza kila mtu. Kabla msichana hajatia uzi katika sindano asubuhi, lazima aseme kwa sauti kitu kimoja asichokitaka. Chochote. Asiyesema hapewi uzi. Walianza kwa kunong'ona, sitaki mvua, sitaki kunguni. Fundi alikuwa akitikisa kichwa, akionyesha sikio, sijasikia. Nikipita njiani na vitambaa vyangu nilisikia ile kelele, sitaki, sitaki, kama chuo cha watoto waasi.

Mama mmoja alikuja kwetu kushtaki. Alisema binti yake tangu aende kwa Fundi anakataa uji. Kila siku, kwa adabu kabisa, asema sitaki uji. Mama yangu akamuuliza kama huko kushona anashona. Akasema anashona kama mashine. Basi mwache akatae uji, akasema mama. Yule mwanamke akanywa chai yake akaondoka, na binti akaendelea kwenda. Mtu mmoja tu alimwondoa mwanawe kwa Fundi, na huyo ni ami, aliyekuwa na binti mdogo. Yule mtoto alilia nyuma ya mlango mtaa mzima ukasikia kile asichokitaka.

Nami nikahama. Nilipata kazi ng'ambo, Mokowe, karani gatini, nikiandika mizigo inayoshuka kwenye basi la Mombasa na kupanda mashuani. Watu wakaanza kuniita Bwana Karani, nikaanza kutembea nimekunja mikono nyuma. Sikumwona Fundi kwa muda mrefu. Vito vyake nilikuwa navyo kichwani. Kofia niliyonunua kwa mshahara wa kwanza ilikuwa ya mkono wake.

Mara ya mwisho nilikutana naye pale pale Mokowe. Basi lilikuwa limefika limejaa vumbi, abiria wameshuka wote ni rangi moja, na chini ya kivuli cha kibanda changu walikaa wanawake wawili na buibui zao wakingojea mashua. Mmoja alikuwa bibi wa mtaa wetu, nikamtambua, amelala ameegemea furushi. Wa pili alikuwa kijana. Nikampa bibi salamu, hakuamka. Mkono wa yule wa pili ukainuka kidogo kuitikia.

Nikasema, "Fundi."

"Bwana Karani," akasema. "Sauti yako imenenepa."

Nikajua kwa kugeuka kwake kwamba hanioni sawasawa. Alikuwa akigeuza sikio, si uso. Nikaketi kwenye kreti. Aliniambia anatoka hospitali Mombasa, amekaa huko kwa ajili ya mato, yaani macho yake. Vito vilikuwa vimeanza kumpotea, kwanza vya jioni, kisha vya asubuhi. Hakuwa na umri wa kupotewa na kitu chochote. Nikamuuliza daktari amesema nini.

"Kasema nipumzike."

"Mpaka lini?"

"Hakusema mpaka lini."

Wapagazi walikuwa wakigombana juu ya gunia. Nikamuuliza na wale wasichana wako je, akasema wapo, wakubwa wanawafundisha wadogo, na yeye anakaa kati yao anasikiliza. Sasa hilo tu ndilo analoliweza vizuri, kusikia nani amesema kwa sauti na nani amenong'ona. Kisha akatoa katika buibui kipande cha kitambaa kilichochomekwa sindano, na kidonge cha uzi, akaninyooshea.

"Mato yako mazima? Nitilie uzi. Sina kitu cha kufanya na mikono."

Nikamtilia. Nilikosa mara nyingi, mikono yangu ni ya kalamu. Nilipompa, kidole chake kile kigumu kikagusa kofia yangu iliyokuwa gotini, maana nilikuwa nimeivua kwa joto. Akaichukua. Akapitisha kidole ndani, chini ya mshipi, polepole, akazunguka mpaka kikasimama mahali. Mabega yakamtikisika.

"Hii yangu," akasema.

Mashua ilikuwa inakaribia, na mimi nilijua nisipouliza siku ile sitauliza tena. Nikamwambia yote. Habari ya picha ya ukutani, na mshipa mwekundu, na jinsi nilivyosimama nje ya pazia nikingojea aanguke. Nikamuuliza ilikwenda wapi. Nilimuuliza kwa heshima, kama mtu anayeuliza habari za marehemu.

Alikuwa ameibana ile sindano kati ya midomo, kwa mazoea. Akaitoa.

"Hapakuwa na sindano," akasema. "Nalikuwa na kigugumizi. Watoto chuoni walikuwa wakinicheka nikisoma, mama akawaambia nimemeza sindano, wasinichokoze nitakufa. Wakaacha kunicheka. Wakaacha na kunisemesha."